Ukimpeleka Ndugu Yako Kupimwa Akili Kashikishi

Soko la Kashikishi huamka mapema. Wavuvi wa chisense, dagaa wa hapa, wanarudi na taa zao, wachuuzi wanapigana vikumbo kuwahi ndoo za kwanza, na ukitega sikio utasikia Kibemba kikichanganyika na Kiswahili cha ng'ambo. Ziwa Mweru halijawahi kuwa ukuta. Watu wa Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, wamekuwa wakilivuka kwa biashara, kwa ndoa na kwa kukimbia risasi. Wimbi kubwa la karibuni lilikuja mwaka 2017, mapigano yalipowaka katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala yakafunguliwa humu humu wilayani Nchelenge, Zambia. Nawaandikia hasa watu hao, pamoja na jamaa zao waliotangulia: wewe mwenye mtoto wa miaka minne asiyetamka neno, wewe ambaye kaka yako ameanza kubishana na watu wasioonekana, wewe ambaye dada yako tangu ajifungue hali, halali, wala hamwangalii mtoto.

Ushauri hautakosekana. Mmoja atakutuma kwa ng'anga, mwingine atakutajia kanisa lenye maombi ya usiku kucha, wa tatu atasema ni ngulu, yaani mizimu, imempanda kichwani na inataka ngoma. Sina ugomvi na yeyote kati yao maadamu mgonjwa hafungwi kamba, hanyimwi chakula na haachishwi dawa. Ombi langu ni kwamba hospitali isiwe kituo cha mwisho, baada ya mbuzi kuuzwa na mwaka kupita. Na ukishafika huko, ujue wanatafuta nini, kwa sababu sehemu kubwa ya wanachokitafuta umekibeba wewe.

Hakuna kipimo cha damu cha wazimu

Wengi hufika wakitarajia mgonjwa atatobolewa kidole au atapigwa picha ya kichwa, kisha karatasi itoke na jina la ugonjwa. Kwa malaria ndivyo ilivyo. Kwa skizofrenia, sonona au usonji hakuna damu wala mashine inayotoa jibu. Damu itachukuliwa, ndiyo, lakini ni ili kuondoa magonjwa mengine yanayojifanya ya akili. Jina lenyewe hutokana na mazungumzo. Mtaalamu husikiliza, hutazama, huuliza, halafu hulinganisha alichokipata na mojawapo ya vitabu viwili: ICD cha Shirika la Afya Duniani, ambacho toleo lake la 11 lilianza kutumika Januari 2022, au DSM cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la 2013 lililorekebishwa mwaka 2022.

Vitabu hivyo huhesabu dalili, lakini ukivisoma kwa makini utaona vinahesabu siku zaidi. Sonona haiitwi sonona mpaka huzuni, au kukosa hamu ya chochote, iwe imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili angalau, ikifuatana na mambo mengine kama usingizi kuharibika, nguvu kuisha, kujilaumu na kuwaza kifo. Uchangamfu wa kupita kiasi, ule wa mtu anayekesha, anayegawa mali na kupanga kununua meli, huhesabiwa kwa wiki moja. Skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, inataka mwezi mmoja wa dalili kwa mujibu wa ICD. DSM inataka dalili za ugonjwa, kali na hafifu kwa pamoja, zifikishe miezi sita. Ulemavu wa akili lazima uwe ulianza utotoni. Mtu aliyekuwa fundi hodari wa mitumbwi mpaka umri wa miaka 30, kisha akashindwa hata kuhesabu mbao, hana ulemavu wa akili hata akishindwa mtihani wote. Kuna kitu kimempata, na kitu hicho lazima kitafutwe.

Sasa fikiria daktari aliyemwona mgonjwa kwa dakika 20. Siku hizo atazitoa wapi?

Daftari la shule

Atazitoa kwako. Nunua daftari la kawaida, na kama huandiki mwombe kijana wa nyumbani aandike unayosema. Anza na lini. Ukikosa tarehe, tumia kalenda ya ziwa: ilikuwa kabla uvuvi haujafungwa Desemba, au baada ya kufunguliwa Machi? Ilikuwa mwaka tuliovuka, au mwaka wa pili yake? Ilikuwa kabla ya msiba wa baba au baada? Mtaalamu anayejua kazi yake ataridhika na majibu hayo kuliko tarehe ya kubuni.

Andika ulichokiona, uache ulichokidhani. "Anaamka saa nane usiku, anatoka nje, anasema kuna watu ziwani wanamwita kwa jina" ni habari inayoweza kupimwa. "Amerogwa" ni hukumu, na "ni ishilu", kichaa, kama majirani wanavyosema kwa Kibemba, ni tusi ambalo halimsaidii mtu yeyote kuandika dawa. Eleza pia alikuwaje kabla. Kijana mkimya tangu utotoni ambaye bado ni mkimya ni jambo moja. Mcheshi wa kijiji aliyenyamaza ghafla ni jambo lingine kabisa.

Halafu mambo ya kila siku, yale yanayoonekana madogo: anaoga bila kuambiwa? Anapika ubwali, yaani ugali, ukaiva? Akitumwa dukani, chenji inarudi sawa? Kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua hivyo, taja, usione haya. Orodhesha kila kinachoingia mwilini: vidonge vya hospitali, mizizi ya ng'anga, bangi, pombe ya kachasu na kiasi chake cha kweli, si kile cha kumfurahisha nesi. Usisahau dawa za virusi vya UKIMWI. Efavirenz, iliyokuwa ikitumika sana miaka iliyopita, huwapa baadhi ya watu ndoto kali na kuwavuruga akili. Ukishuku dawa, mwambie tabibu. Usimwachishe mgonjwa kwa uamuzi wako.

Kwa mtoto, beba kadi ya kliniki aliyopewa tangu kuzaliwa, hata kama imeliwa na panya pembeni. Uzito wake, chanjo zake na siku alizolazwa vimo humo. Na umchukue mtu anayeshinda naye. Mara nyingi mtu huyo ni bibi. Nimewaona akina baba wakijibu maswali yote kwa sauti ya kujiamini huku bibi, aliyemlea mtoto, ameketi nje kwenye benchi akijua kwamba nusu ya majibu si kweli.

Malaria kwanza, lakini kesi haijafungwa

Kuna hali moja isiyosubiri siku ya kliniki. Mtu aliyekuwa mzima juzi, leo anaongea ovyo, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, mara anakutambua mara hakutambui, pengine mwili unawaka moto: huo mara nyingi ni mwili unaougua mpaka ubongo ukayumba. Inaweza kuwa malaria ya kichwa, homa ya uti wa mgongo, sukari iliyoshuka, maambukizi yanayomvizia mwenye virusi vya UKIMWI, au pombe iliyokatwa ghafla kwa mtu aliyekunywa kachasu kila siku kwa miaka. Mpeleke usiku huo huo. Sababu kadhaa kati ya hizo huua ndani ya saa chache, na nyingi hutibika zikiwahiwa. Wazimu unaokuja polepole kwa miezi unaweza kungoja Jumatatu. Huu haungoji.

Hapa ndipo Nchelenge inapokuwa tofauti na mahali pengine, na ndipo naona makosa mengi yanapozaliwa. Wilaya hii ni miongoni mwa zenye malaria nyingi kupita kiasi nchini Zambia. Watafiti waliopima nyumba kwa nyumba wamekuta vimelea kwa karibu nusu ya watu, wengi wao wakiwa hawaumwi popote. Maana yake ni nini kwako? Kwamba kipimo cha malaria kikitoka chanya kwa mtu aliyechanganyikiwa, hakijathibitisha kwamba malaria ndiyo iliyomchanganya. Huenda alikuwa navyo vimelea hivyo hata alipokuwa anacheka vizuri mwezi uliopita. Atibiwe malaria, bila shaka. Lakini ukipewa vidonge ukaambiwa nenda nyumbani, na baada ya wiki homa imekwisha ila sauti bado anazisikia, rudi. Sema wazi: malaria imetibiwa, akili haijarudi. Sentensi hiyo fupi inaweza kumwokolea ndugu yako miezi mingi.

Upande wa pili wa malaria ni alama inayoacha nyuma. Uganda, watoto waliopona malaria ya kichwa walifuatiliwa kwa miaka miwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kutulia kwenye jambo. Huko Blantyre, Malawi, utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta karibu theluthi ya waliopona wakiwa na kifafa, tabia iliyovurugika au ulemavu wa ukuaji, na baadhi ya mambo hayo hayakuonekana siku ya kutoka hospitali bali miezi kadhaa baadaye. Mtoto aliruhusiwa akitembea, mama akashukuru Mungu, na mwaka uliofuata mwalimu akaanza kulalamika. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Wewe yaunganishe. Ukiulizwa "aliwahi kuugua sana?", usijibu "malaria tu". Eleza alipoteza fahamu siku ngapi, na degedege ilimshika mara ngapi.

Hiyo degedege, ambayo wazee wa pwani ya Tanzania waliihusisha na ndege na mashetani, ikijirudia bila homa huitwa kifafa. Kifafa si ugonjwa wa akili wala hakiambukizi kwa mate, hata kama kwenye zahanati nyingi anayekishughulikia ni yule yule wa magonjwa ya akili. Kuna kifafa kisichoangusha mtu. Mtoto hukodoa macho, huacha kijiko hewani kwa sekunde kadhaa, kisha huendelea kula kama kwamba hakuna kilichotokea. Shuleni huitwa mvivu au mwota ndoto za mchana. Ukiona hivyo, mrekodi kwa simu. Video ya nusu dakika ina maneno mengi kuliko maelezo ya saa nzima.

Mtoto asiyesema

Kabla ya neno usonji, kabla ya neno ulemavu wa akili, masikio. Nasisitiza kwa sababu mtoto kiziwi anaweza kulelewa miaka sita akiitwa mtaahira. Kupiga makofi nyuma yake hakutoshi. Huenda anahisi upepo au anaona kivuli. Uliza kama anaweza kupimwa usikivu kwa kifaa. Kama masikio yamekuwa yakitoa usaha, au aliwahi kudungwa dawa ya gentamaisini kwa siku nyingi, sema.

Kuhusu umri, usibabaishwe na mtoto wa jirani aliyetembea mapema. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zinaonyesha kwamba watoto wazima huanza kutembea peke yao popote kati ya miezi 8 na karibu 18. Akipita hapo bila kutembea, mpeleke. Akifika miaka miwili hajaunganisha maneno mawili, kama "mama, maji", mpeleke. Na mtoto aliyekuwa na maneno kisha akayapoteza, wa umri wowote, huyo usimpe hata mwezi mmoja wa kusubiri.

Usonji hutafutwa katika mambo mawili kwa pamoja: namna mtoto anavyoshirikiana na watu, na namna anavyong'ang'ania kurudia vitu, kama kupanga vizibo mstari mmoja kutwa nzima au kulia njia ya kwenda kisimani ikibadilishwa. Hapa kuna mtego. Vitabu vya kigeni hutaja sana kukwepa kutazamana macho. Katika nyumba nyingi za mkoa huu wa Luapula mtoto aliyelelewa vizuri huinamisha uso mbele ya mkubwa, na daktari mgeni ni mkubwa haswa. Alama nzuri zaidi ni kidole. Mtumbwi ukipita ziwani, je, mtoto anakuonyesha kwa kidole kisha anageuka kuangalia kama na wewe umeuona? Hautaki mtumbwi ule. Anataka muuone wote wawili. Watoto wengi wanaokua kawaida hufanya hivyo kabla ya mwaka mmoja na nusu. Mtoto anayeuvuta mkono wako mpaka kwenye chungu cha chakula lakini hakuonyeshi kitu kwa ajili ya kukuonyesha tu, huyo mtaalamu atataka kumtazama zaidi.

Sasa mitihani. Ikiwa utapata bahati ya kumwona mwanasaikolojia, mtoto wako atapewa vitu vya kufanya, na ni haki yako kuuliza vitu hivyo vimetengenezewa watoto wa wapi. Robert Serpell, mwanasaikolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Zambia kwa miaka mingi, alifanya jambo moja ambalo kila mzazi wa Nchelenge angelielewa bila kusoma chuo. Katika utafiti uliochapishwa 1979 aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, vijana wa Lusaka wanaotengeneza magari ya waya uchochoroni wakawashinda Waingereza. Kwa udongo wa mfinyanzi, walilingana. Akili zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kilichowekwa mkononi. Zambia ikapata kipimo chake, Panga Munthu, ambapo mtoto hupewa udongo na kuambiwa atengeneze mtu. Jina lake hata Mswahili halimshindi: munthu ni mtu.

Tangu hapo vimekuja vipimo vingine vilivyozaliwa Afrika. Kule Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walitengeneza orodha ya ukuaji wa watoto wachanga inayouliza mambo ya nyumba za kule. Malawi walitoa chao mwaka 2010, chenye vipengele 136 kuanzia kukaa mpaka kuvaa nguo, kwa kutumia vikapu na vifaa vinavyopatikana kijijini. Kwa hiyo mwanao akipewa penseli na hajawahi kuishika, sema. Akionyeshwa picha ya mnyama ambaye hamjui, sema. Huombi apendelewe. Unataka kipimo kipime akili yake, kisipime ugeni wake kwa penseli.

Serpell alifanya jambo lingine ninalolipenda zaidi. Katika vijiji vya Wachewa, mashariki mwa Zambia, aliwauliza watu wazima ni mtoto yupi wangemtuma kazi fulani, na kwa nini. Majibu yakaonyesha kwamba akili, wanayoiita nzelu, kwao si wepesi wa kichwa peke yake. Ni pamoja na kutumika, kuaminika unapotumwa. Wabemba wana neno amano, na ukikaa nao utaona nao hawamsifu kwa amano mwerevu asiyetumika. Jambo hili si hadithi ya kijijini tu. Vitabu vya leo havikubali tena mtu aitwe mwenye ulemavu wa akili kwa sababu ya alama za mtihani peke yake, hata zikishuka chini ya 70. Lazima ionekane pia kwamba anashindwa maisha ya kila siku ya umri wake. Mtoto anayefeli shule lakini anauza samaki, anarudisha hesabu kamili na kumlinda mdogo wake njiani, amekupa ushahidi mzito. Uandike kwenye daftari.

Mtoto msumbufu nitampitia haraka. Kutotulia kunakohesabiwa kuwa ugonjwa lazima kuwe kumeanza kabla ya miaka 12 na kuonekane nyumbani na shuleni pia. Akiwa mtundu darasani tu, na darasa lina watoto 80, tazameni darasa kwanza.

Kiti cha mkalimani

Wahudumu wengi wa Nchelenge watasema Kibemba na Kiingereza. Wewe una Kiswahili, labda na Kitabwa. Mtu atakaa katikati yenu, na mtu huyo anaweza kuharibu kila kitu kwa nia njema. Najua, kwa kuwa niliwahi kuwa mtu huyo, katika kliniki moja nisiyoitaja. Mama mmoja, wiki tatu baada ya kumzika mumewe, alisema: "Usiku namsikia baba watoto ananiita." Nikatafsiri: anasikia sauti. Kalamu ya tabibu ikaanza kukimbia. Nilichoacha ni kwamba sauti ilikuja akiwa anasinzia, kwamba ilimliwaza, na kwamba alijua fika mumewe yuko kaburini. Huo ulikuwa msiba tu. Alikuwa karibu kuondoka na dawa za wendawazimu kwa sababu ya ulimi wangu.

Kwa hiyo usimtumie mtoto wako kuwa mkalimani, wala jirani mwenye mdomo mwepesi. Mtafute mtu mzima, umwombe aseme maneno kama yalivyo, hata yakionekana hayana maana, na tabibu akikosa kuelewa, amuulize mgonjwa na si mkalimani. Usijitafsirie ugonjwa pia. Ukisema "nina depresheni" umeshafunga mlango. Sema kama unavyosema nyumbani: moyo mzito, kichwa kinachemka, nina mawazo. Neno hilo mawazo, ambalo kwa Waswahili ni ugonjwa kamili, lina ndugu yake Zimbabwe: Washona husema kufungisisa, kuwaza mno. Watafiti wa Harare walilichukua kwa uzito wakatengeneza maswali 14 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, na maswali hayo ndiyo yanayotumiwa na mabibi wa Benchi la Urafiki, mpango ambao Dixon Chibanda aliuanzisha Harare mwaka 2006.

Mtaalamu anapaswa kujua pia kwamba kuamini uchawi si wazimu pale ambapo kijiji kizima kinaamini. Swali ni kama wenzako wa dini na ukoo wanaona imani yako imepita mpaka. Wakisema "hata sisi tunaoamini, huyu amezidi", mwambie tabibu maneno hayo hayo.

Kuna swali litakaloulizwa bila kuzungushwa: umewahi kutaka kujiua? Usikasirike kwa niaba ya mgonjwa, na usimjibie. Kuulizwa hakumpandikizii mtu wazo hilo; wengi hupumua kwa mara ya kwanza wakiulizwa. Jibu likiwa ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa ya wadudu ya shambani ihame nyumba.

Utakayemkuta, na karatasi utakayopewa

Hospitali kubwa ya hapa ni St. Paul's, iliyoanzishwa na misheni ya Kikatoliki. Usitarajie kukutana na mwanasaikolojia tiba siku ya kwanza. Ni wachache sana Zambia nzima na wengi wako Lusaka. Kazi hii hubebwa na manesi na matabibu, baadhi yao wakiwa wamefunzwa afya ya akili kule Chainama, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa umekuwapo tangu 2010. Wakiona jambo limewazidi wataandika rufaa ya Mansa, makao ya mkoa, na likizidi zaidi, Chainama Hills yenyewe, hospitali ya taifa ya akili iliyofunguliwa Lusaka mwaka 1962. Ukiingia, sema "mwapoleni mukwai" hata kama Kibemba chako kinaishia hapo. Salamu hufungua mlango ambao Kiswahili fasaha hakitaufungua.

Ukipewa jina la ugonjwa, uliza mambo manne kabla ya kuinuka: linaitwaje, umeona nini mpaka ukasema hivyo, kingine gani kinawezekana, na lini tutalitazama upya. La mwisho ni muhimu. Mtu anayechanganyikiwa kwa mara ya kwanza huandikwa jina la muda, na jina hilo linaweza kubadilika mwaka unaofuata baada ya uchangamfu au huzuni kujitokeza. Daktari anayebadilisha hakukudanganya mwanzo. Amepata siku zaidi za kuhesabu.

Jina hilo lina uzito wa kisheria pia, na Zambia ya leo si ile ya zamani. Sheria ya kikoloni ya 1949 iliwagawa wagonjwa kwa maneno kama mpumbavu na baradhuli, na ilidumu miongo mingi baada ya uhuru. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha matusi hayo kuwa kinyume cha Katiba, na Sheria ya Afya ya Akili ya 2019 ikaifuta sheria nzima. Kwa wenye ulemavu kuna sheria ya 2012, na kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ikishaandikishwa kwenye mpango wa serikali wa fedha za kaya maskini, hupewa kiwango maradufu. Bila karatasi ya hospitali hupati. Basi itunze ndani ya mfuko wa plastiki, mvua za Januari huku hazina adabu.

Kama uliyempeleka ni mtoto, usingoje hali iharibike ndipo urudi. Rudi baada ya miezi sita, hata akiwa ametulia, na uende na daftari lile lile, na bibi yule yule, safari hii aingie ndani.